Santuri Ikiimba, Baba Amekaa

Wifi yangu Tusekile ana presha, ana magoti mabovu na ana maneno mengi, na kati ya hayo matatu ni maneno tu ambayo hajawahi kuyatafutia dawa. Tulipomzika mume wangu, ambaye kwake ni kaka, watu wote waliondoka baada ya kuanua matanga, yeye akabaki hapa kwangu Bagamoyo, mtaa wa hapa Tukuyu mjini, kunisaidia kupanga vitu vya marehemu. Kila siku alisema kesho naondoka, na kesho ilipofika alikuwa bado yuko jikoni akinung'unika kwamba chai yangu haina tangawizi. Lakini juma lile alikuwa na tiketi. Mwanawe aliyeko Dodoma alimkatia basi la Jumamosi alfajiri, aende akakae huko moja kwa moja, maana baridi ya Tukuyu ilikuwa inammaliza. Watu wa nyumba ile ya Mpuguso nilikoolewa wamekwisha: baba yao, mama yao, na sasa kaka. Amebaki Tusekile peke yake. Nilijua akishapanda basi lile hatutaonana tena, kwa sababu hakuna kati yetu mwenye umri wa kupanga safari za kurudi. Na mimi nilikuwa na neno la kumwambia mtu wa nyumba ile, neno nililolimeza nikiwa na miaka kumi na tisa, na sikuwa na mtu mwingine tena wa kumwambia. Jumatano asubuhi nikamwomba anisaidie kuchambua sahani zangu za santuri. Nilijidanganya kwamba mikono ikiwa na kazi, mdomo utafunguka wenyewe.

Sahani hizo zilikuwa katika makasha matatu ya chai, yale ya mbao nyembamba yenye kingo za bati, chumba cha uani ambako paa linavuja. Mvua ya kwetu haina likizo. Unyevu ulikuwa umeingia kwenye majalada hadi karatasi zikashikana, na sahani nyingine zilikuwa zimeota koga za kijani pembeni, zinanuka kama stoo ya viazi. Tulitandika mkeka, tukaweka beseni la maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, nikachana fulana mbili za marehemu ziwe vitambaa vya kufutia. Tukakubaliana mafungu matatu: za kubaki, za kugawa na za kutupa. Mjukuu wangu aliyeko Mbeya alishanipigia simu kunionya nisitupe hata moja, maana kuna vijana wanazikata kuwa saa za ukutani. Nilimwambia nikifa aje anikate na mimi, anitundike sebuleni. Nilipomsimulia Tusekile alicheka mpaka akaushika ubavu, na katika kicheko kile nikaona nafasi ya kusema. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka maji ya kunywa.

Hapa mtaani wananijua kwa sahani hizi. Mama Gwakisa mwenye santuri, ndivyo wanavyoelekezana. Kabla simu hazijaingia, hapakuwa na kipaimara wala harusi ya jirani ambayo sikuombwa nipeleke muziki. Mume wangu alikuwa mwalimu, na kila shule aliyohamishiwa alirudi likizo na sahani moja au mbili amezificha katikati ya mashati sandukuni, akizitoa kwa madaha kama mtu anayempa mkewe dhahabu. Rumba, kwaya, taarabu, ngoma za makabila tusiyoyajua. Hakuchagua, alinunua alichokiona. Watu wakasema mwalimu anampenda mkewe, na mkewe anapenda muziki. La kwanza lilikuwa kweli. La pili sikuwahi kulikanusha, kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini mwanamke asiyejua hata kucheza anawasha santuri kuanzia anapoamka, anawasha akipika, anawasha akiwa na wageni, na anakuwa mkali kama siafu mtu akiizima.

Niliolewa Mpuguso mwezi wa nne, masika yakiwa yamepamba moto. Mume wangu alikaa nami wiki mbili, akarudi chuoni alikokuwa akisomea ualimu. Nikabaki na mama mkwe, na Tusekile ambaye alikuwa bado msichana wa shule, na baba mkwe. Niseme vizuri: sikubaki na baba mkwe, nilibaki nikimkimbia. Kwetu Wanyakyusa mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, haingii alipo, na jina lake halitamki. Ndiyo heshima yenyewe, tunaiita ukutila, na siku zile nyumba iliyojiheshimu haikuichezea. Ukimwona njiani unaingia migombani na mzigo wako kichwani, unampa mgongo, unajifunika kitenge mpaka apite. Wasichana wa sasa wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao na sisemi kwamba wanakosea. Nasema tu kwamba mimi niliishi mwaka mzima katika ua mmoja na mwanamume ambaye hadi leo uso wake siujui, isipokuwa katika picha moja ndogo ya kitambulisho aliyopigwa akiwa kijana, alipokuwa migodini huko kusini.

Kwa kawaida mkwe mstaarabu hukohoa kabla ya kuzunguka pembe ya nyumba, mkamwana apate kujificha. Shida ni kwamba baba mkwe wangu alirudi kutoka migodini na vumbi kifuani, akawa anakohoa asubuhi mpaka jioni, amekaa anakohoa, amelala anakohoa. Wiki zile za kwanza niliishi roho mkononi. Nilimwaga maji, nilivunja chungu, na siku moja nilisimama nyuma ya banda la ng'ombe nikanyeshewa mpaka nikatetemeka, kumbe mwenyewe yuko kitandani. Ni yeye aliyenionea huruma. Alikuwa na santuri ya betri, ya kufungika kama sanduku, aliyoipenda kuliko ng'ombe wake, na alimtuma mama mkwe aniletee kanuni jikoni. Mama mkwe alinieleza huku akijizuia kucheka. Santuri ikiimba, baba amekaa. Santuri ikinyamaza, baba amesimama, angalia njia.

Basi nikajifunza kuishi kwa sahani. Ndogo ilinipa dakika tatu hivi, na dakika tatu zilitosha kuvuka ua kutoka jikoni hadi ghalani na kurudi na debe la mahindi, au kufagia mbele ya mlango wa sebule bila kuinua macho. Ikiisha, nilikuwa nimeshajibanza jikoni, nasikiliza kiti kikilia, sahani ikigeuzwa, sindano ikigusa, halafu nyimbo tena, nami natoka. Zile kubwa zilinipa zaidi ya robo saa. Haikuchukua muda nikatambua kwamba zile kubwa hakuziweka ovyo. Siku ya kufua aliweka kubwa. Siku ya kuanika mahindi jua likijitokeza mara moja, aliweka kubwa, na ikikaribia kwisha aliigeuza haraka kabla sijafikiria kukimbia. Mara moja nilirudi kisimani na maji mvua ikinipiga, nikiwa nimesimama chini ya mgomba nikisubiri, na nikasikia akiikatiza sahani ndogo katikati na kuweka ile ndefu kuliko zote, ya kwaya, ambayo najua hakuipenda. Mtu aliyekuwa mwiko kunitazama alikuwa akinichungulia kwa masikio. Baba yangu mzazi hakuwahi kunifikiria hivyo hata siku moja.

Mimi nami nilikuwa na njia yangu ya kumjibu. Mwaka ule betri zilikuwa adimu, na Tukuyu hakuna jua la kuanikia betri zilizochoka, kwa hiyo watu walizipasha pembeni mwa jiko. Kazi hiyo ikawa yangu. Betri sita kubwa, nilizipanga juu ya jiwe karibu na mafiga, si karibu sana zisipasuke, nikawa nazigeuza kama ndizi za kuchoma. Nikisikia sauti ya mwimbaji inaanza kuvuta, sikusubiri kuambiwa. Nilikuwa nimeshaweka za akiba motoni, na Tusekile akija kuzifuata alizikuta zina joto. Jioni moja nilikuwa nikimenya ndizi, na kupitia ukuta wa mianzi nikamsikia baba mkwe akimwuliza mkewe ni nani anayezipasha betri hizi vizuri namna hii. Mama mkwe akasema ni mkamwana wako. Naye akasema, "Mwambie ndaga." Ndiyo asante ya kwetu. Mama mkwe alipokuja kuniambia nilijifanya sikuwa nimesikia, nikainamisha kichwa kwenye ndizi zangu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka.

Alhamisi mimi na Tusekile tulimaliza kasha la pili. Yeye alizungumza kuhusu Dodoma, kwamba huko kuna vumbi, kwamba ndizi za huko zinasafirishwa kutoka kwetu na zinafika zimeshachoka, kwamba mkwewe hajui kupika mbalaga, ndizi anazichemsha tu bila hata maziwa. Kila alipotua kupumua nilisema moyoni, sasa. Nilikuwa nimepanga hata maneno ya kuanzia. Lakini alinyanyua sahani ya kwaya, ile ndefu, akasema hii ndiyo baba, tata kama anavyomwita, alikuwa akiweka ukiwa unafua, unakumbuka, na mimi nikasema nakumbuka, nikaondoka nikaenda kusimama chooni. Nilikuwa na woga wa namna mbili. Niliogopa kwamba nikisema atanichukia, na niliogopa kwamba nisiposema nitakufa nimekaa na jambo hilo peke yangu, kwenye nyumba hii ya mabati, na hakuna atakayejua kwamba kuna mtu nilimwacha afe.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mwaka wangu karibu unatimia. Kulikuwa na msiba ng'ambo ya mto, na kwetu msibani haendi mtu mmoja, wanakwenda wote. Mama mkwe na Tusekile waliondoka asubuhi na mapema wakiwa na mkungu wa ndizi na maziwa. Baba mkwe alibaki kwa sababu kifua kilikuwa kimembana, na mimi nilibaki nipike. Chakula chake ningekiacha kwenye stuli karibu na mlango na kuondoka, na yeye angekivuta. Nilipasha betri zote sita vizuri asubuhi ile, zikaenda sebuleni kabla mama mkwe hajaondoka. Karibu na saa sita akaweka sahani ndogo yenye lebo ya bluu, rumba ya bendi moja ya mjini, ambayo ilikuwa na mkwaruzo karibu na katikati. Ilipofika pale kwenye mkwaruzo, ilikwama kama ilivyokuwa ikikwama siku zote. Neno moja na nusu ya neno linalofuata, neno moja na nusu ya neno linalofuata. Siku zote alikuwa akiigonga meza kwa kidole, na sindano inaruka mbele. Nikasubiri kidole.

Hakugonga. Niliepua sufuria, nikaiweka chini, nikairudisha motoni. Neno moja na nusu. Nikasema labda amesinzia. Lakini hakuna anayesinzia kwenye kelele ile, na kikohozi chake, ambacho kilikuwa hakipumziki, nacho kilikuwa kimenyamaza. Nikatoka jikoni nikavuka ua hadi mlango wa sebule. Mlango ulikuwa wazi, kulikuwa na pazia tu la kitambaa cha maua ambalo halikufika chini kabisa. Nikasimama hapo, kitenge nimekishika mdomoni. Sitaki kuandika kwamba sikujua. Nilijua. Nilijua kama ninavyojua sasa jina langu kwamba nyuma ya pazia lile kuna mtu ameanguka, na kwamba kilichokuwa kati yangu naye ni kitambaa ambacho mtoto angeweza kukisukuma. Lakini kwa kanuni yetu santuri ilikuwa inaimba, na ikiimba baba amekaa, na baba akiwa amekaa mkamwana haingii. Niliing'ang'ania kanuni ile. Nilijiambia nikiingia na kumkuta mzima, au amekaa vibaya, au amevua shati, nitakuwa nimeivunja nyumba, mama mkwe atanirudisha kwetu, na wasichana watanitungia nyimbo. Nilimwogopa mtu aliyelala chini kwa sababu huenda hakuwa amelala chini.

Nilikaa hapo kwa muda gani, nimejiuliza miaka hamsini. Nilisikia harufu ya ndizi zikiungua jikoni na sikwenda kuziepua. Kuku waliingia, wakatoka. Mvua ilikuja, ikapita, ikarudi. Na mwimbaji aliendelea na neno lake moja na nusu, kwa sababu betri nilikuwa nimezipasha vizuri mno. Ningezipasha vibaya zingezima mapema, na ukimya ungenifukuza pale mlangoni. Zilipoanza kuchoka, sauti ikavuta, ikawa nzito, ikawa ya mtu mwingine, na hapo ndipo nilipokimbia. Sikukimbilia ndani. Nilikimbia barabarani hadi dukani kwa Mzee Seif, Mwislamu aliyeuza chumvi na mafuta ya taa pale njia panda, kwa sababu yeye hakuwa mkwe wa mtu kwetu na angeweza kuingia. Alifunga duka, akaja nami mvuani. Aliingia, nikamsikia akisema jina la Mungu, akizima santuri, akimwita. Alipotoka akaniambia yu hai, lakini upande mmoja hausogei, na sakafu alipolala ni ya baridi kabisa. Akaniuliza, kwa upole wala si kwa ukali, amekuwa hivi tangu saa ngapi.

"Sijui," nikamwambia. "Nilikuwa kisimani."

Walimbeba kwa machela ya mianzi hadi Tukuyu hospitalini. Mimi sikuweza kwenda hata kumwona, mkwe haendi kumwona mkwe akiwa kitandani. Nilibaki nikisugua sufuria iliyoungua. Tusekile ndiye aliyekaa naye, na alipokuja siku ya tatu kuchukua nguo alimwambia mama yake, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta, kwamba daktari amesema angefikishwa mapema kidogo huenda mambo yangekuwa mengine. Siku ya nne akafa. Msiba wetu ukajaa watu, na mimi nikawa shujaa wake. Mzee Seif aliwasimulia wazee jinsi mkamwana yule alivyorudi kutoka kisimani na kumkimbilia mvuani miguu mitupu, na kila mwanamke aliyeingia uani alinishika mikono akanisifu. Wengine walilia. Mama mkwe alinipa blanketi lake. Matanga yalipoanuliwa alinikabidhi santuri na sahani zote, akasema wewe ndiye uliyekuwa ukiipasha moto, haiwezi kwenda kwa mtu mwingine. Nilipokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini?

Na hapo ndipo mwaka ule ulipoanza kunila. Kwa sababu kanuni ilikuwa imebaki kichwani, na mwenye kanuni hakuwepo. Santuri ikinyamaza, baba amesimama. Nilikuwa natoka jikoni na ua uko kimya, na mwili wangu ulikuwa unakataa kwenda, masikio yanasikiliza hatua, ninajiona nimeshikwa katikati ya ua bila pa kujificha. Nilijua amekufa, nilimsikia akizikwa, na bado kila ukimya ulinisimamishia mtu. Nikaanza kuwasha santuri nifagie. Nikaiwasha nilale. Mume wangu aliporudi likizo akanikuta hivyo, akanitazama siku mbili tatu, hakuuliza, akaenda mjini akarudi na betri na sahani mpya. Ndiyo ya kwanza kati ya hizi. Hayo makasha matatu hayakujaa kwa mapenzi ya muziki. Yalijaa kwa woga, sahani moja moja, kwa miaka hamsini, na mume wangu ndiye aliyeyajaza.

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho. Mizigo ya Tusekile ilikuwa imeshafungwa, iko mlangoni. Tulibakiwa na sahani chache chini ya kasha la tatu, zile za kwanza kabisa, za baba mkwe. Alizitoa moja moja akizifuta. Akatoa ile ya lebo ya bluu. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye mkwaruzo, akaniuliza hii tunaiweka wapi. Alirudia kuuliza, akaninyooshea, na mimi nikaona nikiipokea tu na kuiweka kwenye fungu lolote, nimekwisha.

"Tusekile," nikasema, "siku ile sikuwa kisimani."

Aliishusha sahani juu ya magoti yake. Hakushtuka. Alichovya kitambaa kwenye beseni, akakikamua. "Najua, wifi," akasema.

Nikamwambia hujui. Nikamwambia nilikuwa mlangoni, nilisimama pale muda mrefu, niliacha ndizi zikaungua. Maneno yalinitoka ovyo, nikirudia rudia. Yeye aliniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba siku ya pili hospitalini ulimi wa baba yake ulifunguka kidogo, mzito lakini maneno yakasikika. Alisema hakuanguka akazimia. Alianguka tu, upande mmoja ukakataa, akawa amelala kifudifudi uso umeelekea mlangoni. Saa zile sauti alikuwa bado anayo. Chini ya pazia aliziona nyayo zangu.

"Nikamwuliza, tata, sasa mbona hukumwita?" Tusekile alisema. "Akanishangaa. Akasema, nimwite vipi? Ni mkwe wangu. Alikuwa amejilowesha, nkamu, ndugu yangu, yuko chini. Alisema alikuwa akiomba Mungu uondoke, usije ukaingia ukajiaibisha kwa ajili yake."

Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na nilihitaji kukaa tena. Miaka yote niliyojiuliza kama alijua nipo, sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa akinitazama miguu. Kwamba tulikuwa wawili, kila mmoja upande wake wa pazia, kila mmoja amemeza sauti ili asimvunjie mwenzake heshima, na muziki ukiendelea. Nikauliza kama mama mkwe alijua. Akasema mama ndiye aliyewakataza. Alisema mkamwana akishasema alikuwa kisimani, basi alikuwa kisimani, haumbuliwi mbele ya watu mtoto wa wenyewe. Nikauliza kuhusu kaka yake, na kabla hajajibu nilishajua, kwa namna alivyoyatazama makasha.

"Alijua tangu likizo ile ya kwanza," akasema. "Alituambia tusikuguse. Alisema umeshaumia."

Walinihurumia, najua. Mtu mwema angeshukuru. Mimi nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua, nikawa napumua kama niliyepanda mlima. Nilimfikiria mume wangu akitoa sahani katikati ya mashati, akitabasamu, akijua. Mama mkwe akinifunika blanketi, akijua. Miaka hamsini nilijificha kwa watu waliokuwa wakiniona, nao wakageuza nyuso kwa adabu ili nisijue kwamba naonekana. Angetokea mmoja tu, siku moja, akanisimamisha uani akaniambia mwongo wewe, ulikuwa mlangoni, ningelia, ningefukuzwa au ningesamehewa, lakini lingekwisha. Nilimshika Tusekile mikono yote miwili, maji ya sabuni yakanichuruzika hadi kwenye viwiko. Nilimwambia yeye ndiye aliyebaki. Nilimwambia hakuna mwingine wa kulifanya.

"Nitukane," nikamwomba. "Niambie nilimwacha baba yako afe nikadanganya. Mara moja tu, kabla hujapanda basi."

Macho yake yalikuwa yamejaa, midomo ikasogea, na nikadhani atasema. Nilikaza mwili kulipokea.

"Siwezi, wifi," akasema. "Wewe ni mke wa kaka yangu."

Akatoa mikono yake taratibu kwenye yangu, akaanza kuifuta sahani iliyofuata.